Kifua cha Kinyozi

Nje ya duka la kinyozi kuna benchi refu ambalo watu wakishalikalia asubuhi, huwatoi hata kwa winchi. Dada wa Kahawa huweka jiko lake mwishoni. Katikati hukaa Profesa, fundi viatu anayesoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa soli. Pembeni hukaa Kreni, mpakiaji wa magunia, mtu wa maneno machache na shingo nene. Leo Kinyozi mwenyewe alikuwa amelala chali juu ya ubao mbele yao, anasukuma bomba lenye kopo la saruji kila upande, uso umemwiva. Tangu baba yake aanguke kutoka kwenye paa na kuvunjika nyonga, Kreni na Profesa hufika kila alfajiri kumsaidia kumwinua mzee kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwaomba, walikuja wenyewe. Lakini Jumatatu Kreni anahamia ghala la mbali, na mikono ya Profesa ni ya kushikia sindano tu. Kinyozi itabidi ambebe baba peke yake, na akimdondosha, nyonga ile haiungi tena.

— Unakisikia kifua? aliuliza Kreni.

— Nasikia mabega. Kifua kimenyamaza, utadhani hakimo.

— Umepandisha mabega hadi masikioni, ndiyo maana. Yarudishe nyuma, yabane kwenye ubao. Viwiko usivitanue sana. Halafu chukua makopo madogo, ushushe polepole.

— Madogo? Profesa alidakia. Msuli ukiona mzigo mdogo unaudharau! Mimi nimesoma. Kifua cha binadamu ni kiungo cha kisaikolojia.

— Kisaikolojia vipi? Kinyozi aliuliza.

— Kinataka kutukanwa. Kitukane kila asubuhi, uone kitakavyovimba kwa hasira.

Dada wa Kahawa alicheka mpaka birika likayumba.

— Mume wangu kifua mlango, na hajawahi kuninyanyulia hata ndoo. Siri ni kulala kifudifudi. Kifua kinabeba mwili usiku kucha, bure kabisa.

— Hapo sasa! Profesa alisimama. Umeshamwona mjusi? Kutwa anapiga pushapu ukutani. Nitajie mjusi mmoja tu mwenye kifua kibovu!

— Kwa hiyo nimwinue baba huku natambaa ukutani?

— Sijasema utambae. Nimesema ufikirie kimjusi.

Kinyozi alicheka hadi akakosa nguvu, bomba likamlalia tumboni. Kreni alimwondolea kwa mkono mmoja, akambadilishia makopo. Safari hii Kinyozi alibana mabega kama alivyoambiwa, akashusha taratibu, akasukuma. Kwa mbali, kitu kikajikaza chini ya shati. Aliketi, akawatazama wote.

— Jamani, hata nikishindwa, mmeshanifaa. Ndugu zangu wa tumbo moja wanapiga simu tu, ninyi mnakuja na giza la alfajiri. Sijui hata nianzie wapi kuwashukuru.

— Anzia hapo hapo, lala usukume, alisema Kreni, akitazama pembeni.

Wakati huo mke wa Kinyozi alitokea kwenye kona, anasukuma kile kiti. Mzee ndani yake amevaa shati la kutokea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana mtaani tangu aanguke. Benchi zima lilisimama.

— Shikamoo mzee!

— Marahaba wanangu. Huyu mbona mnamuua kwa saruji?

— Najifunza kukubeba, baba.

Mzee alicheka. Kisha akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akavuta pumzi na kusukuma. Alipanda taratibu, makalio yakaachana na kiti. Kinyozi aliruka akamdaka, mkono mmoja mgongoni, kiganja kingine kifuani. Chini ya kiganja chake, msuli wa mzee ulikuwa mgumu na unatetemeka.

— Niache bwana, sianguki. Mkishaenda kazini nasukuma ukingo wa kitanda, najiinua hivi hivi. Daktari aliruhusu zamani, na mkwe wangu hapa ndiye mlinzi.

— Baba! Tumekubeba siku zote hizi, mbona hukusema?

Mzee alijishusha kwenye kiti, akafuta jasho. Alimtazama Kreni, akamtazama Profesa.

— Kwa sababu mlikuwa mnakuja. Siku yangu ilianza na kelele zenu, na maumivu nikayasahau. Nawashukuru sana, wanangu, Mungu awalipe. Ila niwaulize kitu. Nikishaweza kuamka mwenyewe, bado mtakuja?

Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alichukua kipande cha gazeti akakisoma kichwa chini. Kreni aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Dada wa Kahawa alimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Kinyozi alikuwa bado ameweka kiganja kifuani kwa baba yake, na hakukitoa.