Miche ya Dada wa Kufulia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Mama Makopo. Alifariki wiki mbili zilizopita. Habari zake tumeletewa na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya hospitali hiyohiyo. Alituomba jambo moja: "Msinipambe."

Basi hatumpambi.

Mama Makopo alipenda maua ya kudumu, yale yanayochanua mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. Mbegu hakununua. Aliyaacha maua yakaukie kwenye shina, mbegu zidondoke zenyewe, akasubiri mvua. Mche ukishatoa majani manne, aliuinua kwa kijiko pamoja na udongo wake, akauhamishia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Ua ungeliona mwaka wa pili. "Dada alikuwa na subira ya kukera," anasema mdogo wake.

Kitalu chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia. Ukikitupia jicho, ungesema magugu matupu.

Siku moja wakaguzi walikuwa wanakuja. Msimamizi akawaagiza vibarua walime kote. Dada yake akatoka mbio, mashuka yaliyolowa begani.

"Mdogo wangu, hayo si magugu. Nipe mpaka jioni niyahamishe."

Watu walikuwa wanatazama. Naye alikuwa na koti jipya la usimamizi.

"Dada, wewe fua mashuka. Bustani niachie mimi."

Vibarua wakacheka. Majembe yakashuka. Dada akaenda kuanika.

Mwaka uliofuata, miche aliyonunua msimamizi ilikauka yote. Akakosa usingizi. Asubuhi moja akakuta makopo sitini yamepangwa mlangoni mwa stoo yake. Mbegu zilizobaki ardhini zilikuwa zimeota tena, na dada yake alikuwa ameilea ile miche kimyakimya.

Akaipanda. Ilipochanua, wagonjwa waliomba vitanda visogezwe dirishani. Mkurugenzi akauliza nani kaiotesha.

"Mimi," akajibu.

Dada yake alikuwa hatua kumi tu. Akapiga makofi pamoja na wengine. Ndiyo hivyo, wasikilizaji. Alisema "mimi", na dada yake akampigia makofi.

Miaka kumi na minane alipanga kumwomba radhi. Kila akienda, waliishia kuzungumzia mvua. Mwezi uliopita alikwenda amejikaza kweli. Dada, akiwa kitandani, akamtazama: "Mbona una uso wa mgonjwa, na mgonjwa ni mimi? Kaa, unywe chai."

Akakaa. Akanywa chai. Akaaga.

"Nilishindwa kumwambia yeye," ametuambia. "Basi watu wote wanisikie."

Tunawapa pole watoto wa marehemu, wajukuu na ndugu zake wote. Nasi tujiulize: ni nani bado yu hai, na tunamwendea na mdomo uliofungwa?

Mzee wetu, mdogo wa marehemu, yuko nyumbani sasa, kazungukwa na wajukuu zake aliowasimulia miaka yote kwamba bustani ile ni jasho lake. Wanasikia haya pamoja naye. Alituahidi hataizima redio.