Mto Umetufunulia Nyamatanga

Kahawa ilikuwa ya kwanza kabisa siku hiyo, kijiweni kwetu pembeni ya stendi ya Kibiti, Badru alipofunga breki mbele ya benchi. Tunamwita Spidi kwa sababu ya bodaboda yake. Matope yalimfika magotini. Alikuwa amempeleka abiria bondeni, akakuta mafuriko yamemega ukingo wa Rufiji.

— Wallahi nimeuona mji! Misingi ya nyumba imejipanga kama mtaa, vigae vya vyungu tele!

— Manowari ya Mjerumani hiyo, ile iliyozama Rufiji wakati wa vita, akasema Abdulatifu, fundi cherehani tunayemwita Profesa.

— Manowari ina vyungu?

— Kwani mabaharia hawali? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali imeingiaje hapo?

— Itaingia tu, subiri. Au basi ni mji wa sultani. Dhahabu iko chini! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mto!

— Tukachimbe! Spidi akaruka.

Sadallah, mkulima wa Mtawanya, sisi tunamwita Mpunga, akaweka kikombe chini.

— Hamchimbi kitu. Hiyo ni Nyamatanga, mji uliomezwa na mto zamani. Bibi yangu kazaliwa pale.

— Nyamatanga ipo kweli? Si hadithi? akauliza Spidi.

— Mto ulihama njia, ukaipiga. Wanaume wako mbali, wanalinda mpunga. Mama mmoja mfinyanzi akashika mtumbwi, akavusha watoto, anakwenda anarudi. Bibi alivushwa kambeba mdogo wake. Mwisho yule mama akamrudia mzazi aliyejifungua jana yake. Hawakuonekana tena.

Profesa akasimama, macho yanang'aa.

— Jamani, shujaa wetu huyu! Tumjengee mnara, hapa hapa stendi!

— Na barabara ya bondeni ipewe jina lake! akasema Spidi.

— Na shule!

Kijiwe kizima kilikuwa juu, kila mtu anampigia mwenziwe makofi. Dada mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Ikwiriri, Salima, akanyanyua uso.

— Samahani kaka zangu. Alikuwa anaitwa nani?

Mpunga akamgeukia.

— Bibi alisema tu, yule mama.

Mji mzima tumeupata, shujaa wake hana jina.

— Mama yako mkubwa wa Mchukwi, binti wa huyo bibi, yu hai? Spidi akauliza.

— Yu hai, ila kumbukumbu zinamtoka.

— Basi panda, mwanangu! Tukamuulize jina sasa hivi, kabla nalo halijamtoka!

Mpunga akapanda. Profesa naye akajibana nyuma yake, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na pikipiki ikaondoka kwa kishindo.