Tumfukie Mwenyekiti

Wazee wangu, shikamooni. Wanakikundi wenzangu, nimenyamaza mwaka mzima. Leo nasema.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Ukurasa wa kikundi mtandaoni niliuendesha mimi, nikitangaza siku za kulima. Humo humo niliuliza mabomba ya maji ya kijiji yamekwenda wapi. Wakubwa hawakupenda.

Kisha mwenyekiti wa kikundi chetu akavunjika mguu, ngolo zake, mashimo yetu haya ya kulimia mlimani, zikiwa zimelazwa majani tu, bila udongo wa kuyafukia. Nikaandika: "Jumamosi tuje na majembe, tumfukie mwenyekiti." Nani hapa Umatengo hajui kwamba kinachofukiwa ni majani? Lakini katika ofisi ya kijiji walisoma mwenyekiti wa kijiji, na kaburi.

Wakaiandikia kampuni ya mtandao. Ndugu zangu, nawaambia, kampuni haikuniuliza hata neno moja. Ilifuta ukurasa, ikawapa jina langu na namba yangu. Mimi ilinitumia mstari mmoja: "Tumetii ombi la mamlaka." Kesho yake nilikuwa mahabusu Mbinga, na mdogo wangu wa mwisho anawauliza majirani kama na mimi nimekufa.

"Ulitaka kumzika nani?" afande akaniuliza.

"Simziki mtu, afande. Nafukia majani."

"Majani nayo yana mwenyekiti?" Wenzake wakacheka.

Siku ya nne mwenyekiti wetu akaletwa kwa bodaboda, mguu una plasta. Akaegemea kaunta: "Afande, wa kufukiwa ni mimi. Mwachieni anifukie, nipande maharage!" Akawachorea ngolo kwenye karatasi. Hakuna aliyecheka tena. Jioni nikatoka.

Lakini woga nilitoka nao. Sikuandika tena, hata salamu. Mpaka mama mmoja aliyeketi hapa akanipa simu yake: "Andika, binti. Au walikufunga na vidole?"

Asante, mama. Asante, mwenyekiti. Asanteni mliowalisha wadogo zangu.

Kampuni nimeiandikia mara tatu. Ofisi ilijibiwa upesi. Mimi hadi leo sijajibiwa. Basi jueni: kampuni inayotutunzia siri zetu haitujui, na ikiulizwa na mkubwa inazitoa. Msiiamini. Lakini msinyamaze. Mimi sasa naandika kwa jina langu kamili, pamoja na kitongoji, ili wakinitaka wasipate taabu ya kuniulizia.