Joho na Mabomba ya Upepo

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la ushonaji, na ng'ambo ya njia kuna banda la video lenye spika mlangoni, inanguruma tangu asubuhi ili wapita njia wajue ndani mna nini. Hapo ndipo Mama Bosi anapouza kahawa, birika jikoni, mtoto mgongoni, yaani Bosi mwenyewe, ana meno mawili tu lakini akianza kulia hata wateja wanaomba radhi. Na wiki hiyo yote Mama Bosi alimimina kahawa nusu ikimwagika chini, kisa filamu. Filamu ya shujaa wa nchi za watu mwenye joho la kijani, benchi likamwita Joho basi, anaruka juu ya maghorofa, anapigana na mkuu wa mji mwenye kipara. Katikati ya vita Joho anasimama, ananyoosha kidole: "Mheshimiwa, mabomba yako yanatoa upepo, na upepo sisi tunao wa bure!" Banda zima lilisimama likapiga makofi, maana mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka kama ulimi wa mgonjwa.

Joho hakusema hivyo. Joho alisema Kiingereza chake huko. Aliyesema ni mtafsiri, yule anayetia Kiswahili juu ya filamu, anajiita Ngurumo, na sura yake haijulikani na mtu. Mama Bosi aliijua. Ndiyo aliyoamka nayo kila asubuhi. Usiku alimwona mumewe akijifunika blanketi na kipaza sauti, ili sauti isitoke nje, jasho linamchuruzika, ananguruma kama simba, mwanamume ambaye mchana akibeba magunia boharini humwomba msamaha hata paka aliyemkwaruza. Na yale maneno ya mabomba, Mungu wangu, yalikuwa yake yeye Mama Bosi, yalimtoka siku aliporudi na ndoo tupu, mume akacheka, akayachukua, akampa Joho.

Asubuhi hiyo Mhakiki alikuja na gazeti. Mhakiki ni fundi viatu, jina hilo alilipata kwa kusoma kila karatasi kabla hajaifungia kiatu cha mtu.

— Sikieni mchambuzi wa filamu alivyoandika: "Shujaa amegeuka mwanasiasa. Tulikwenda kuona ngumi, tukapewa mkutano wa hadhara."

— Kasema kweli, — alisema Saruji, fundi mwashi. — Shujaa kazi yake kupiga. Mimi nikijenga ukuta siuhutubii.

— Ungeuhutubia usingepinda, — alidakia Bi Sindano kutoka kwenye cherehani yake mlangoni.

Benchi likacheka. Mama Bosi naye akacheka, macho yako kwenye spika.

— Huyo mchambuzi kalipwa, — alisema Mhakiki.

— Na nani? — aliuliza Bi Sindano.

— Na Kipara.

— Kipara ni mtu wa kwenye filamu, atamlipaje mtu wa kwenye gazeti?

— Ukiona vyaelea, vimeundwa! Joho haelei? Anaelea. Basi yupo aliyemuunda, na aliyemuunda ana chama chake. Rangi ya joho hujaiona?

— Kijani ni majani, bwana. Hata mbuzi ana chama?

— Samaki mkunje angali mbichi, — alisema Saruji kwa uzito. — Ndiyo maana Kipara hakunjiki. Kashakauka.

— Mimi nawaambieni, — Bi Sindano akakata uzi kwa meno, — waliotengeneza ile filamu walifika hapa. Walikaa kwenye benchi hili, wakanywa kahawa hii hii, wakafungua bomba lile pale, likawapulizia.

— Walifika lini na sisi tupo?

— Walivaa kama sisi.

Mama Bosi alishukuru kimoyomoyo. Wazungumze upuuzi wao, waseme waliotengeneza filamu walishuka kutoka mwezini, mradi wasijue, mradi asitokee mmoja akajiuliza Ngurumo ni nani, kwa sababu mwenye banda alikwishaambia watu kwamba kuna mkubwa fulani kaudhika.

Ndipo akaja mgeni. Shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na viatu havina vumbi, kwenye njia ile! Akasalimia vizuri, akakaa, akaomba kahawa, akainywa kidogo.

— Kahawa nzuri, dada. Hebu niulize kitu. Huyu Ngurumo anayetia sauti kwenye filamu, anakaa wapi?

Cherehani ikasimama. Na spika, kama iliyosubiri zamu yake, ikapasuka: "Wananchi, mimi nimefika!"

Bosi, aliyekuwa akinung'unika tangu alipoamka, akanyamaza papo hapo. Akachomoa kichwa kwenye kanga, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea spika, akacheka meno mawili nje.

— Ba! Ba! Ba! Baba!

Hapo ndipo Mama Bosi alipong'amua. Maana mtoto hufanya hivyo kila siku. Kila siku, sauti ikitoka, mtoto anaita, na benchi lote limekaa palepale linaangalia. Yeye peke yake, mwenye siri, ndiye aliyekuwa hajui kwamba siri haipo.

Mgeni akageuka, akamtazama mtoto.

— Huyu anamwita nani?

— Joho, — alijibu Bi Sindano, keshasimama. — Watoto wote wa mtaa huu wanamwita hivyo, wametuaibisha. Lete mjukuu wangu hapa.

Akamfungua Bosi mgongoni, akampakata, akakanyaga cherehani bila kitambaa, tarararara, mpaka spika haikusikika tena.

— Bwana mkubwa, — Saruji akasogea karibu na mgeni, — Ngurumo hayupo. Ngurumo ni mashine.

— Mashine gani! — Mhakiki akaruka. — Ngurumo ni mzee mmoja, alikwishafariki, wanaikatakata sauti yake na kuiunga upya.

— Amefariki na juzi kacheka kwenye filamu mpya?

— Alicheka kabla hajafa, wakaweka akiba!

— Uongo! Ni watu watatu, wanapokezana. Mmoja kigugumizi, huyo wanampa sehemu za ngumi.

— Si wa huku huyo, kaoa visiwani, anatuma sauti kwa meli!

Mgeni akamwangalia mmoja mmoja.

— Nimeuliza swali dogo tu.

— Mwenda tezi na omo, — alisema Mhakiki kwa huruma nyingi, — marejeo ni garini kwake.

Mgeni akamaliza kahawa, akaweka kikombe chini taratibu, akasimama.

— Mnajua kusema, mtaa huu.

— Midomo imekauka, bwana, — alisema Saruji. — Tunailainisha kwa maneno.

Akaenda zake. Walimtazama mpaka alipokata kona, wakasikia mlango wa gari, wakasikia gari likiondoka. Hakuna aliyemwangalia Mama Bosi.

— Haya, turudi kwa mchambuzi wetu, — alisema Mhakiki, akakunjua gazeti.

Bi Sindano akamrudisha mtoto mgongoni, akakaza fundo la kanga mwenyewe, mara mbili.

— Mwanangu, — alisema chini chini, — mwambie baba Bosi kwa siku hizi chache alale mapema. Joto lote hili, blanketi la nini?

Mama Bosi alitaka kusema asante. Ilifika mpaka kwenye meno. Lakini asante ni lazima iwe ya kitu fulani, na kile kitu hakikutakiwa kuwepo. Basi akashika birika, akajaza kikombe cha Bi Sindano mpaka ukingoni, akajaza cha Saruji, akajaza cha Mhakiki, wakanywa, akajaza tena, tone halimwagiki, senti hadai.

— Mama Bosi, leo kuna nini? — aliuliza Saruji.

— Hakuna kitu, shemeji. Kunyweni.

Ng'ambo ya njia Joho akafika mbele ya Kipara, akanyoosha kidole. Na benchi, bila kuangaliana, likasema naye maneno yale tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ndogo, kama watu wanaoitikia dua. Mama Bosi akainamisha birika kwa mara ya mwisho. Lilitoa mashapo tu.