Shelfu Isiyoisha ya Fundi Nashon

Mwaka wa sabini na sita nilikuwa nauza kahawa Gatina, Kawangware, mbele ya ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mzee Gerishon. Birika moja, jiko la makaa, vikombe sita, na sinia ya mandazi siku ambazo unga umepatikana. Benchi lilikuwa gogo kuukuu la reli aliloleta Mburu kutoka kazini. Mburu alikuwa kibarua wa kukaza misumari ya reli, lakini tulimwita Injinia, maana hakuna kitu kilichosimama hapa duniani ambacho hakukueleza kimesimamaje. Kando yake alikaa Sifuna, aliyefagia ofisi ya wakili mmoja mjini na kusoma karatasi zote kabla ya kuzitupa, kwa hivyo yeye alikuwa Wakili. Mzee Gerishon mwenyewe, mwenye ploti, alikaa mwisho wa benchi, pale anapoiona milango yake yote kumi na minne bila kugeuza shingo. Mimi jina langu Filister. Wao waliongea, mimi nikamimina.

Nyumba namba tisa aliishi Mukai, mshonaji, mjane kutoka upande wa Kangundo. Chumba kimoja, futi kumi kwa kumi. Ndani kulikuwa na cherehani, kitanda, na vitambaa. Vitambaa vilikuwa chini, juu ya kitanda, chini ya kitanda, mpaka nguo za wateja zilikuwa zinalala kwenye sufuria. Wasichana wake wawili alikuwa amewaacha kwa nyanya yao, si kwa kupenda, ila hapakuwa na mahali pa kutandika hata gunia. Mara mbili alikuwa amenunua kabati. La kwanza lilikataa kupita mlangoni. La pili lilipita, lakini alipohamishwa chumba likavunjika miguu.

Basi akaenda Laini Saba, Kibera, kwa fundi wa mbao aitwaye Nashon Amolo, akamwambia, "Nitengenezee shelfu. Lakini isiwe kubwa kuliko mlango, na ikihamishwa isife."

Nashon alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, hajaoa, mrefu, mpole, wa maneno machache. Jumamosi moja akaja kwa miguu kutoka Kibera na kisanduku kichwani. Akakiweka kwenye benchi langu, akaomba kahawa. Injinia akakizunguka mara mbili.

— Fundi, hii ni nyumba ya njiwa?

— Ni shelfu, Nashon akasema.

— Shelfu gani haina urefu?

— Hii ni kipande. Zitakuwa nne. Angalia, kila moja ni futi moja na nusu kwa futi moja. Nilipima kitambaa chake kikikunjwa. Mashimo nayo yako mahali pamoja kwa kila sanduku, kwa hivyo yoyote inashikana na yoyote. Juu, chini, kando. Unaweka bolti, unafunga na hii.

Akatoa mfukoni nati yenye masikio mawili, ya kukazwa kwa vidole bila spana.

— Akitaka isimame, inasimama. Akitaka ilale, inalala. Akihama, anafungua, anabeba moja moja. Ukutani haipigwi msumari hata mmoja.

— Na kama nne hazitoshi? Wakili akauliza.

— Anaongeza tu.

Hilo neno, "anaongeza tu", ndilo lililotuletea maneno wiki tano.

Maana zile nne ziliingia namba tisa, zikapandana, na vitambaa vikatoka sakafuni. Mukai alisimama mlangoni siku hiyo akacheka peke yake. Sisi tukadhani kazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata, Nashon huyo, na sanduku kichwani.

— Ya tano? Injinia akauliza.

— Ya vifungo na nyuzi, Nashon akajibu. Akanawa mikono kwa maji yangu, akaingia namba tisa.

Ya sita ilikuwa ya nguo ambazo wenyewe hawajazichukua. Ya saba ya pasi ya makaa, nayo aliipiga bati ndani ili isiungue. Ya nane sikumbuki ilikuwa ya nini, na nadhani hata yeye hakukumbuka, maana Wakili alipomwuliza alikohoa.

Akishaingia, benchi linawaka.

— Mimi nawaambia, Injinia akasema, huyo fundi ameona kitu. Ukuta wa namba tisa unaanguka. Hizo sanduku si shelfu, ni nguzo. Anashikilia paa la mzee pole pole bila kumtisha. Si mnajua, haraka haraka haina baraka.

— Paa langu lina nini? Mzee Gerishon akashtuka.

— Halina kitu bado. Ndiyo maana anaweka mapema.

Wakili akatikisa kichwa.

— Wacha hiyo, bana. Hii ni mambo ya sheria. Kitu kikipigwa msumari kwa ukuta, hicho ni cha mwenye ploti. Kikifungwa na bolti, ni cha mpangaji. Sasa jiulize, kwa nini hapigi msumari? Haba na haba hujaza ukuta! Ukuta ukijaa vitu vya mpangaji, ukuta ni wa nani?

— Ni wangu! Mzee akasema.

— Uliuona lini mara ya mwisho?

Mzee hakuwa ameuona.

— Ati ukuta ni wangu na siuoni, akajisemea, na kahawa ikapoa mkononi.

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua tangu sanduku la tano, kwa sababu fundi anayetoka Laini Saba na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi hanawi mikono kwa ajili ya vifungo. Ilipofika ya sita alikuwa amenyoa. Ya saba alikuja na shati jipya, la samawati, na kifuani lilikuwa na mfuko mwembamba mrefu ambao sijawahi kuona kwa duka lolote. Akachomoa rula yake ya kukunja kutoka mfuko huo, akapima ubao, akairudisha. Ikaingia kama kisu kwenye ala yake. Nikasema moyoni, Mukai hakumpima huyo kifua peke yake; na rula aliipima.

— Umeona shati? nikamwuliza Injinia.

— Nimeona. Mfuko kama huo ni wa watu wa serikali.

Wakili akaruka.

— Serikali! Si nilisema? Anapima ploti!

Basi ikawa hivyo. Ya tisa ilipopita mbele yetu, Injinia alikuwa amefika mahali pa kusema Nashon anajenga behewa la treni mle ndani, kipande kwa kipande, na siku moja litatoka likitembea. Wakili yeye akaleta kubwa zaidi.

— Mzee, mimi nakuheshimu, kwa hivyo nakwambia. Sanduku moja mtoto analala. Sanduku mbili mtu mzima analala akijikunja. Ziko tisa. Huyo mama anajenga ploti ndani ya ploti yako. Atapangisha.

— Atapangisha nini?

— Sanduku! Ghorofa! Na wewe utakuwa unapokea kodi ya chumba kimoja, yeye anapokea ya vyumba tisa.

Hapo kila mtu mwenye akili angecheka. Lakini Mzee Gerishon alikuwa amewahi kufanyiwa mambo na wapangaji. Mmoja alifuga kuku kumi na wanane chini ya kitanda, mwingine alitoboa ukuta akatengeneza dirisha. Akasimama na bakora yake.

— Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu anajenga ukuta na ufa hakuna! Leo namwambia ahame. Mwisho wa mwezi namba tisa niikute tupu.

Nikaweka birika chini. Kwa sababu mimi nilijua kitu kingine ambacho benchi halikujua: shule zilikuwa zinafungwa wiki ile, na Mukai alikuwa ametuma barua nyumbani kwamba wasichana waletwe. Aliniambia mwenyewe akinunua mandazi. "Sasa chini kumebaki futi tano nzima, Mama Kahawa. Watalala wakinyoosha miguu." Aliitaja hiyo futi tano kama mtu anayetaja shamba.

— Mzee, nikasema, si uende uangalie kwanza?

— Nitaangalia nini? Nimeambiwa na wakili.

— Huyo anafagia.

— Ninafagia ofisi ya sheria, Sifuna akasema, akakaza shingo.

Wakati huo huo Nashon akatoka namba tisa, mikono mitupu, anakuja kuchukua kahawa yake ya kurudia. Mzee akamzuia na bakora.

— Fundi. Zimebaki ngapi?

— Zimebaki nini, mzee?

— Sanduku. Hiyo shelfu inaisha lini?

Nashon akaangalia viatu vyake. Mtu huyu angeweza kukwambia kwa macho kama ubao umepinda unywele mmoja, lakini hapo alikuwa kama amesahau kuhesabu.

— Ni shelfu ya kuongeza, mzee. Haina... haina kusema inaisha.

— Mmesikia! Injinia akapiga paja. Reli nayo ilianza hivyo. Ilianzia baharini na kipande kimoja!

— Anakubali mbele ya mashahidi, Wakili akasema.

Mzee akainua sauti ili ifike namba tisa.

— Basi mimi nasema imeisha! Na mwenye nyumba hiyo ahame nayo!

Mlango ukafunguka. Mukai akatoka, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni. Wiki zote hizo hakuwahi kukaribia benchi, alinunua mandazi akiwa mbali, mkono ameunyoosha. Akazitoa zile pini, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake, akaja mpaka mbele ya mzee.

— Mzee, karibu nyumbani kwangu.

— Sikuja kukaribishwa.

— Karibu tu. Ukimaliza kuangalia, nifukuze.

Mzee akaenda. Nikammiminia Nashon kahawa yake, akasimama na kikombe bila kukinywa. Huko ndani tukasikia bakora ikigonga mbao, kisha sauti ya kitu kinasukumwa. Alipotoka, Mzee Gerishon alikuwa na nati mkononi, anaizungusha masikio kwa kidole gumba.

— Hakuna msumari, akasema.

— Ukutani? Wakili akauliza.

— Hakuna hata shimo moja. Amesukuma sanduku mbili nikaona saruji yote. Ni kama siku niliyoipaka. Na kuna nafasi mtu anaweza kutembea. Kule namba tatu kuna misumari arobaini, saruji inaanguka kama unga.

Akakaa. Akaweka bakora katikati ya magoti.

— Watoto wako wakija, akamwambia Mukai, wasicheze karibu na tangi langu la maji.

— Hawatacheza, mzee.

— Basi.

Nilidhani Mukai atarudi kwenye cherehani yake. Hakurudi. Akageuka kwa Nashon. Nikaona vidole vyake vinakunja na kukunjua ncha ya ule utepe.

— Nashon.

— Mama.

— Hii ya leo imefika kwa kona. Juu imegusa bati, huku imegusa mlango. Ukuta wa kando ya mlango umejaa.

— Ndiyo, umejaa.

— Sasa Jumamosi ijayo utakuja kufanya nini?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza gauni lifike magotini au chini ya magoti. Nashon akashika rula mfukoni, akaiacha. Injinia, aliyejua jinsi daraja linavyosimama, akatazama chini. Wakili akajikuna shavu. Mzee Gerishon akaanza kuhesabu milango yake upya. Gari moja lilipita barabarani na vumbi lake, likatua juu yetu sote.

— Sijui, Nashon akasema mwishowe. Nilikuwa natembea nikifikiria hiyo tangu Kibera. Sikupata sanduku la kuleta.

— Hukupata?

— Sikupata. Lakini nitakuja. Kama si mbaya.

Mukai akamwangalia kuanzia viatu mpaka nywele, vile mshonaji huangalia mtu.

— Si mbaya, akasema. Wasichana watakuwa wamefika. Nitapika saa saba. Usichelewe, wao hula haraka.

Akarudi ndani. Baada ya muda kidogo tukasikia cherehani, kwanza pole pole, halafu mbio.

Injinia ndiye wa kwanza kupata sauti.

— Sasa hiyo ilikuwa nini? Mimi sijaelewa. Behewa liko au haliko?

— Kesi imeahirishwa, Wakili akasema. Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza lazima kuwe na ilani ya siku kumi na nne. Mama Kahawa, ongeza hapa tulijadili vizuri.

Akaninyooshea kikombe. Mzee naye akanyoosha chake. Nikatingisha birika karibu na sikio langu.

— Kahawa imeisha, nikasema.

— Saa kumi na moja hii?

— Imeisha. Nendeni nyumbani.

Wakaondoka wakinung'unika. Injinia alikuwa anamwonyesha Mzee kwa mikono jinsi sanduku tisa zinavyogawana uzito, na Mzee anauliza kama namba tatu nayo inaweza kutengenezewa. Birika bado lilikuwa nusu. Nikammiminia Nashon kikombe cha moto, akakaa peke yake kwenye gogo, shati lake la samawati limejaa vumbi mabegani. Alikunywa mpaka chini kabisa.

— Filister, akasema.

— Eeh.

— Mtu akiitwa kwa watu na hana sanduku, hubeba nini?

— Sukari, nikamwambia. Kilo mbili. Na mkate, kwa sababu ya watoto.

Akatoa rula, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye hiyo rula: sukari, mkate. Kisha akasimama, akanawa mikono, ingawa hakukuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa Kibera, akashika njia.