Podikasti ya Nyimbo za Jembe

Mbele ya duka la Mama Kavuo, pale Kalembe, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa la kusema. Mvua ikinyesha, barabara ya Walikale ikawa uji na magari yakalala, ndipo elimu inapozidi. Asubuhi hiyo alikuwepo Papa Marcellin, wanayemwita Ministre kwa sababu hapingi kitu bila kusimama kwanza. Alikuwepo Muhindo wa Butembo, aitwaye Kilomètre, dereva ambaye lori lake lilikuwa limezama kwenye tope. Na katikati yao Esdras, simu mkononi, roho juu juu. Mama Kavuo alimmiminia kahawa akamwambia asiogope, hawa wawili hawajawahi kula mtu.

Esdras alisoma historia Goma. Kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu nyimbo za akina mama wa Ngungu wanapolima maharage pamoja. Maprofesa waliisifu, ikapelekwa maktaba, na tangu siku ile wanaoifungua ni mende tu. Ilimuuma. Basi akaitengenezea podikasti, aisimulie kwa mdomo. Benchi likisikiliza mpaka mwisho, jioni angeituma Goma, Masisi, hata kule Omate kwa wachimbaji. Benchi likipiga miayo, angeifuta yote. Ndivyo alivyojiapia.

Kwanza ilibidi wajue podikasti ni nini. Kilomètre alisema ni redio iliyochoka kusubiri saa yake. Ministre akasimama, akakataa: hii ni dawa ya maprofesa ya kufundisha bila wanafunzi wenye kuuliza maswali. Kilomètre akaona mbali zaidi, kwamba kesho padri naye ataungamisha watu kwa podikasti, na kesho kutwa tutazikana kwa podikasti, kila mtu alie kwake.

— Wazee balisema mukono mutupu haurambwe, Ministre akamalizia. Njo maana podikasti inataka mega za interneti.

Hakuna aliyethubutu kumuuliza maana yake.

— Na hii ya kwako iko murefu? Kilomètre akauliza.

— Hapana, Papa. Mega iko bei kali. Nilikata benye kuitikia wimbo, nikabakisha mwenye kuanzisha. Benye kuitikia banarudia neno moja tu, halafu mimi naeleza maana.

— Ulifanya muzuri, Ministre akamsifu. Haraka haraka haina baraka.

Esdras akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu, nyembamba, imara, ikatupa mstari wa kwanza na kunyamaza. Papo hapo sauti ya Esdras ikaingia, nzito kuliko alivyoikumbuka, ikaeleza mstari huo unawaambia nini wanaolima. Mwanamke akatupa mstari wa pili. Ministre alikuwa amekaa. Kilomètre alisahau kahawa yake, na Esdras akajikuta anatabasamu peke yake, furaha imemjaa kifuani.

Ndipo akaja Mama Mukandori, aliyefika kwa shemeji yake juma lile akitokea Ngungu, kununua chumvi. Alisimama mlangoni, hakuomba chumvi. Mstari wa tatu ulipoisha, akafungua kinywa na kuitikia, taratibu, macho chini. Sauti ya Esdras kwenye simu ikamfunika, ikiendelea kueleza.

Alingoja. Mstari wa nne ulipoisha, akaitikia tena, na Esdras wa kwenye simu akamfunika tena.

— Huyu njo Adelaïde, Mama Mukandori akasema. Dada yangu. Bale tulikuwa tunamuitikia tulikuwa bengi, nami nilikuwaka pale.

Esdras akazima simu. Akakumbuka shamba lile, akina mama kwa safu, majembe yakishuka pamoja. Alikuwa amefuta rekodi nzima, yenye sauti za wote, ili simu ipate nafasi.

— Adelaïde iko wapi sasa, Mama? Mama Kavuo akauliza polepole.

— Alikufa njiani tukikimbia vita. Bengine sijue kwenye balielekea. Akamgeukia Esdras, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu. Mwanangu, sasa kwenye iyi simu yako, Adelaïde anaimba na nani?

Ministre alisimama, kama kawaida yake. Kisha akaketi, akamsogezea Mama Mukandori nafasi kwenye benchi.