Mgeni Aliyekosea Turubai

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, na asifiwe zaidi na mliojibanza huko nyuma karibu na mlango. Huko ndiko nilikokaa mimi, na ninajua mtu huketi huko kwa nini.

Mimi ni Mama Charo wa hapa Kibarani. Nimesoma mpaka darasa la saba, na nikisimama mbele za watu sauti hunikatika. Ndiyo maana nimeandika, ili nikishindwa, mwingine anisomee. Nitaeleza yaliyotokea tu. Sikuona malaika wala sikusikia sauti kutoka mbinguni. Lakini kila nikiyakumbuka, mwili hunisisimka mpaka leo.

Wengi mnanijua kwa mahamri na mbaazi zangu za asubuhi. Kwa biashara hiyo nilimlea mwanangu Charo baada ya baba yake kufariki. Ni huyo mmoja tu Mungu aliyenipa. Alikuwa mwepesi wa masomo, akapata nafasi ya chuo kikuu ng'ambo, katika nchi ya baridi. Mlinichangia nyote, na siku ya kumsindikiza mliimba mpaka majirani Waislamu wakatoka nje kumpungia mkono. Nilimfungia mahamri na kashata, nikamwambia, "Mwanangu, ukifika, kwanza kula."

Akacheka. "Mama, wewe kila jambo ni chakula!"

Alifika salama, akanipigia simu. Akasema baridi inauma masikio, watu wanatembea kwa haraka, na kila mtu ana mlango wake, ameufunga. Nikamuuliza kama amekula. Akasema, "Nitakula, mama." Neno hilo lilinibaki. Hakusema amekula. Alisema atakula.

Halafu akashikwa na homa. Sisi watu wa Pwani tunaijua homa ya malaria, tukiiona tu tunakimbia kupima damu. Kule haiko, nao waliokuwa karibu naye walidhani ni mafua ya baridi, ya kulala na kujifunika. Na mwanangu, kwa ugeni wake, hakutaka kusumbua watu. Akajifunika. Walipokuja kumpeleka hospitali, ilikuwa imekwisha kumzidi.

Simlaumu mtu. Nasema ilivyokuwa. Nilimtoa kwa miguu yake, akarudi ndani ya sanduku, tukamzika nyuma ya nyumba kando ya baba yake.

Ndugu zangu, sikulia. Kina mama walilia, mimi macho makavu. Sikusema neno, na chakula kilikataa kupita kooni. Swali moja lilikuwa likizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani: mwanangu alikula? Yuko mtu yeyote kule aliyemwekea sahani mbele yake, akamwambia karibu? Na moyoni nilimwambia Mungu wazi: kama hayuko, basi na mimi usiniamshe tena. Nilikuwa nimekata shauri kujiachia hivyo hivyo mpaka niishe. Hakuna aliyejua, maana mfiwa akikataa chakula, watu husema ni uchungu tu, utapungua.

Siku iliyofuata mazishi turubai lilikuwa bado limesimama uani. Viti vyeupe vya plastiki vimejaa, kwaya imekuja kutufariji. Mimi nimeketi ndani mkekani, kitambaa kichwani. Basi bodaboda ikasimama nje, akashuka msichana mwenye sanduku kubwa la magurudumu.

Shemeji yangu Karisa ndiye aliyekuwa akipokea watu. Nilimsikia: "Pole, mwanangu, pole na safari. Lete mzigo." Kwetu aliyetoka mbali kuja matangani haulizwi yeye ni nani. Hupokewa mzigo, huketishwa, hupewa maji. Maswali hungoja.

Lakini midomo haingoji! Wanawake wa jikoni walianza papo hapo.

"Umeliona lile sanduku? Hilo ni la ng'ambo."

"Ni mchumba wa Charo, nakwambia!"

"Mchumba! Kwa ule ukimya wa Charo?"

"Wakimya ndio hao hao, mama. Wenye kelele hawaoi."

Shangazi Jumwa, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, akawakemea, "Nyamazeni, mfiwa anawasikia."

Nilisikia, ndiyo. Na moyo uliokuwa umekufa ukaruka! Nikasema, huyu amemwona mwanangu. Huyu atanijibu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo Mungu alipopita. Msichana yule hakutoka alikokuwa Charo. Jina lake ni Thoko, mtu wa Malawi, amekuja kusoma chuo kikuu hapa hapa Kilifi, na hakumjua mtu hata mmoja. Vijana wa kanisa jingine, si mbali na kwetu, walikuwa wakiwapokea wanafunzi wapya siku hiyo hiyo. Walimwambia kwa simu: utaona turubai, utaona viti vyeupe, utasikia nyimbo. Mtu atakupokea mzigo. Wewe keti tu. Kijana wa bodaboda alikuwa akileta wafiwa kwetu tangu asubuhi. Alipoona mgeni mwenye sanduku akimwonyesha kwa mikono habari za turubai na kuimba, hakuuliza zaidi.

Na kila alichoahidiwa alikikuta kwetu! Turubai, viti, nyimbo, mtu wa kupokea mzigo. Wanawake wakamkumbatia wakilia. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alijisemea moyoni, "Watu wa Kenya wana upendo wa kutisha. Wanalia kwa furaha ya kuniona."

Kisha wakamwingiza ndani kwangu. Alipoona wanawake wameketi chini, miguu imenyooshwa, na mimi katikati, alielewa mara moja. Msiba ni msiba kila mahali. Angeweza kugeuka, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alivua viatu, akafungua sanduku, akatoa kitambaa kama leso zetu, akajifunga kiunoni. Akaja akaketi chini, bega lake likagusa langu.

Nikamshika mkono. Neno la kwanza kunitoka tangu mwanangu aletwe lilikuwa hili: "Alikula?"

Akanitazama. Hakujua Kiswahili. Dama, binti wa Karisa, aliyemaliza sekondari, akamuuliza kwa Kiingereza, wakajibizana, kisha Dama akanigeukia.

"Mama mkubwa," akasema, "huyu hamjui Charo. Ni mwanafunzi mgeni, ameingia mjini leo. Amekosea turubai."

Mtu mmoja mlangoni akaguna, "Kumbe tumemkumbatia mpita njia!" Mwingine akajibu, "Na jikoni wameshamwoza!" Kicheko kikawaponyoka watu, wakakiziba kwa leso.

Mimi nilihisi nimezikwa mara ya pili. Jibu langu lilikuwa limekuja mpaka mkekani, kumbe si lenyewe. Karisa, kwa aibu, akasema, "Basi, mwanangu, nyanyuka tukupeleke unakokwenda." Lakini Thoko hakunyanyuka. Alimwambia Dama kwamba kwao, mtu akishaingia nyumba ya msiba, hata kwa kukosea, hatoki kabla hajaketi na mama wa marehemu.

Nilimtazama vizuri. Midomo imekauka, macho mekundu kwa safari. Nikamwambia Dama, "Muulize kama amekula."

Jibu likaja: tangu jana hajala. Aliogopa kushuka basini kununua chakula asije akaachwa njiani. Hakutaka kumsumbua mtu.

Hakutaka kumsumbua mtu! Ndugu zangu, miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia. Nilikwenda jikoni mwenyewe, wanawake wakanipisha kwa mshangao. Nikapakua sima, samaki, na mchicha wa nazi. Shangazi Jumwa akaleta maji ya kunawa, na yeye, akishughulika, Kiswahili hukiweka kando. Akasema kwa Kigiriama, "Madzi."

Msichana akainua kichwa. "Madzi!" akasema. Kumbe na kwao maji ni hayo hayo, madzi. Kisha akaiona sahani, uso wake wote ukafunguka. "Nsima!"

"Sima," nikasema.

"Nsima!"

Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kama mabubu, kumbe Mungu alikwisha kuweka neno moja katika vinywa vyetu kabla hata babu zetu hawajazaliwa, akalificha huko, akalitunza, mpaka siku ya msiba wangu! Ni nani aliye kama yeye?

Thoko akamega tonge, lakini hakulipeleka kinywani. Alinitazama. Alikuwa akiningoja mimi. Nikamega. Nikaweka kinywani. Likashuka.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo niliponena na Mungu, au yeye alinena nami, sijui kutofautisha. Nilitazama mkono wa mtoto wa mwenzangu ndani ya sahani yangu, nikaelewa jambo. Kule Malawi yuko mama anayezunguka nyumbani akijiuliza, mwanangu amekula? Swali ni lile lile langu. Na jibu lake duniani kote analo mtu mmoja tu. Mimi! Nilikuwa nimelikalia mkekani, nikitaka kufa nalo.

Nikamwambia Dama, "Mwambie ampigie mama yake."

Simu ikapokelewa, nikapewa. Nikasema maneno niliyokuwa nayo: "Mwana. Nsima. Madzi." Kule mwanamke yule akapiga kelele ya furaha, akalia, akawa anarudia, "Zikomo, zikomo," yaani asante. Na mimi nikalia. Machozi yaliyokataa kaburini yalitoka yote, mbele ya watu, na tonge mkononi!

Vijana waliomngoja walifika baadaye, wakitokwa na jasho, wakiomba radhi. Shangazi Jumwa akawaambia, "Mwenzenu tumeshampokea. Ninyi ketini mle."

Hivyo ndivyo nilivyookolewa na mauti niliyokuwa nimeyachagua. Lakini nawaambia kweli, sikuondolewa uchungu. Ziko asubuhi hata sasa ninapokanda unga na kumwona amesimama pale mlangoni.

Thoko alirudi Jumapili iliyofuata, akamleta mwenzake. Nikakifungua chumba cha Charo, wakapumzika humo. Tangu hapo, kila chuo kinapofungua, wageni hupita kwangu: Malawi, Burundi, Sudan Kusini, Lesotho. Mimi sina cha kuwafundisha cha vitabuni. Nawafundisha kuamkia wazee shikamoo, kwamba haraka ya kwao huku haifai, kwamba chandarua si pambo. Nawaonyesha wa kununua kwake na wa kuepuka sokoni. Nawaambia kusumbua watu ni ruhusa!

Mwaka jana mmoja wa Lesotho, kwao malaria hawaijui, alipata homa. Akasema ni baridi ya mvua, atajifunika alale. Nilimvua lile blanketi kwa mikono yangu miwili, nikampeleka kupima. Daktari akasema tumewahi. Nilitoka nje ya kliniki, nikapiga magoti mchangani, na waliopita walinidhani nimefiwa.

Kama Charo alipata mtu wa kumwekea sahani, sijui. Sitalijua mpaka siku ile. Nimeliacha mikononi mwa yule aliyemwongoza msichana kutoka Malawi mpaka mkekani kwangu kwa njia ya kukosea. Aliyeweza hilo hakumsahau mwanangu.

Ninamshukuru Mungu. Ninawashukuru ninyi mliosimamisha turubai lile. Na wewe uliyejibanza huko nyuma, ndugu yangu, usiongoje kupona ndipo umwamini. Mwamini ukiwa bado umeketi mkekani. Atakayetumwa kwako huenda hata jina lako halijui, na huenda ndiye mwenye njaa. Mfungulie.

Nikimaliza hapa naelekea stendi. Basi la mchana lina mtoto wa watu ndani yake, na mama yake amenipigia tangu alfajiri. Nitakalomuuliza mnalijua.

Nitamuuliza, "Umekula?" Na mara hii nitakuwepo kusikia jibu.